Hoi zaai si kuvunja nadhiri

Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mkupuo mmoja kwenye programu yake ya kutafsiri, na Kikantoni, lugha ya Hong Kong, Makau na sehemu kubwa ya jimbo la Guangdong, kikawa miongoni mwao. Kwa Waswahili wanaofuata mzigo Guangzhou habari hiyo ilieleweka kwa namna moja: mwenye simu hahitaji tena mkalimani, atakachoambiwa na mwenye duka au mpishi wa mgahawa atakisoma kwa lugha yake. Ufahamu huo una kasoro, na kasoro yenyewe haionekani kwenye bei wala kwenye vipimo vya makontena, ambako simu hujitahidi. Inaonekana kwenye maneno ya ibada na chakula. Chukua neno hoi zaai, linaloandikwa 開齋. Likipitia Kiingereza, humfikia Mswahili likiwa "kuvunja nadhiri" au "kuvunja mwiko wa kutokula nyama". Hoja yangu ni kwamba hapo maana imegeuzwa juu chini, jambo baya kuliko tafsiri dhaifu. Hoi zaai ni kufungua. Kiswahili kina neno hilo hilo, lenye picha ile ile, na hakikuhitaji kuliomba kwa mtu.

Tuanze na matamshi, maana hapo ndipo wengi hupotea kabla hata ya kufika kwenye maana. Hoi na zaai zote mbili husemwa kwa toni ya kwanza ya Kikantoni, yaani sauti ya juu iliyonyooka, haipandi wala haishuki, kama mtu anayeshikilia noti moja ya wimbo. Irabu ya zaai ni ndefu. Ndiyo maana mfumo wa tahajia ya Kilatini uliotolewa na Chama cha Isimu cha Hong Kong mwaka 1993 huiandika kwa "a" mbili. Ukiifupisha na kuitamka kwa toni inayopanda, umesema zai, mtoto wa kiume. Ukiiacha ndefu lakini ukaishusha hadi toni ya tatu, umesema deni. Mswahili, ambaye lugha yake haina toni na ambaye huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hukazia hoi na kuiangusha zaai, na hapo hapo anasikika kama mtu anayefungua deni. Dawa ni kuzitamka silabi zote mbili kwa kimo kimoja na urefu mmoja.

Hoi ni kitenzi cha kufungua: mlango, duka, kikao, taa, bomba. Halina harufu ya kuvunja hata kidogo. Zaai ndiyo yenye historia ndefu. Katika Kichina cha kale ilimaanisha utakaso kabla ya tambiko: mwenye kwenda kutoa sadaka kwa wahenga au kwa mbingu alibadilisha chakula, alihama chumba anacholala, aliacha pombe na vyakula vyenye harufu kali, akatuliza moyo kwa siku kadhaa. Ubuddha ulipoingia China, neno hilo hilo lilitumika kwa kanuni ya watawa ya kutokula baada ya adhuhuri. Kisha Mfalme Wu wa nasaba ya Liang, aliyetawala kuanzia mwaka 502 hadi 549, aliwashikilia watawa waache nyama na pombe kabisa, na tangu hapo zaai ikaanza kuvutwa upande wa chakula kisicho na nyama. Hata neno la upande wa pili, fan, ambalo leo husikika kama "nyama", kwa asili lilikuwa jina la mboga zenye harufu kali, na herufi yake bado imevaa alama ya majani juu. Ndiyo maana mwenye kushika zaai kwa dhati haachi nyama na samaki peke yake. Anaacha pia vitunguu maji, vitunguu vya majani, jamii ya liki, mvuje, na kitunguu saumu. Ajabu ya lugha: Waswahili tumeliita kiungo hicho kwa jina linalofanana na la funga yenyewe, kumbe kwa Wakantoni ndicho kinachoiharibu.

Jambo la msingi, ambalo tafsiri ya "kuvunja" hulifuta, ni kwamba zaai ina mipaka ya muda iliyojulikana kabla haijaanza. Wapo wanaoishika asubuhi tu, zou zaai, wakala nyama mchana. Wapo wa tarehe mosi na kumi na tano za mwezi mwandamo, na hawa ndio wengi zaidi katika familia za kawaida. Wapo wa siku sita kwa mwezi: tarehe 8, 14, 15, 23, 29 na 30. Wapo wa siku za Kun Jam, mungu wa huruma, ambazo ni tarehe 19 za mwezi wa pili, wa sita na wa tisa. Siku ya kwanza ya mwaka mpya nyumba nyingi hupika lo hon zaai, sufuria la uyoga, tambi za choroko, ngozi ya maziwa ya soya, njugu za mti wa ginko na ule mwani mweusi unaofanana na nywele, ambao serikali ya China ilipiga marufuku kuvunwa na kuuzwa mwaka 2000 kwa sababu uvunaji wake uliharibu nyika za kaskazini. Katika sufuria hilo hilo wengi hutia chaza waliokaushwa, na kwa desturi yao chaza hao hawahesabiwi kuwa nyama. Asiyejua hilo na ana mzio wa viumbe vya baharini ataumia kwenye mlo aliohakikishiwa kuwa wa mboga. Siku ya pili kuku huchinjwa na mwaka "hufunguliwa", hoi nin, kwa kitenzi kile kile cha hoi. Katika kisiwa cha Cheung Chau, Hong Kong, wakati wa tambiko la amani la mwezi wa nne mwandamo, kisiwa huacha nyama kwa siku 3, wauza nyama hufunga mabucha, na hata tawi la McDonald's la pale huuza baga za uyoga badala ya nyama. Siku zikitimia, mabucha hufunguliwa. Huyo anayenunua nyama asubuhi inayofuata amevunja nini?

Kikantoni chenyewe kina neno la kuvunja, na liko mbali na hoi zaai. Ni po gaai, 破戒. Po ni kupasua, kubomoa, kutoboa; gaai ni amri au katazo ambalo mtu amelipokea, kama zile tano za mfuasi wa kawaida wa Buddha: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa kilevi. Mtawa aliyenaswa na chupa ya pombe ame-po gaai. Aliyeacha sigara miaka 3 kisha akaomba moja harusini, naye husemwa hivyo hivyo kwa mzaha, kwa kuwa kuacha sigara nako ni gaai. Kuna pia po zaai, kuipasua zaai kabla ya muda wake. Upande mwingine kuna maneno ya kumaliza kwa halali. Aliyeomba jambo akaahidi kushika zaai siku 49, jambo likatimia na siku zikatimia, hurudi hekaluni waan jyun, kuirudisha ahadi. Mara nyingi huenda na nguruwe mzima wa kuchoma kushukuru. Hata mtawa anayetaka kurudi uraiani ana njia yake: hutamka mbele ya shahidi kwamba ameziachia amri, se gaai, na hapo hana kosa, tofauti kabisa na yule aliyezivunja akiwa bado amezivaa. Huu ni mfumo mzima wa maneno uliojengwa juu ya tofauti moja, kati ya kutoka kwa mlango na kutoka kwa dirisha. Kitenzi cha Kiingereza, break, ambacho hutumika kwa saumu, ahadi, sheria na mfupa bila kubagua, huusaga mfumo huo ukawa unga.

Kiswahili hakina udhuru wa namna hiyo. Tunasema kufunga, tunasema kufungua, na hizo si lugha za picha zilizookotwa. Fungua ni kauli ya kutendua ya funga, kama ziba na zibua, kunja na kunjua. Anayefungua anaondoa kile kile alichokifunga mwenyewe, na baada ya hapo kitu kinabaki kizima. Vunja haina mwenzake wa namna hiyo, kilichovunjwa hakirudi. Kwa nadhiri tunayo jozi nyingine iliyo sahihi zaidi: nadhiri huwekwa, na ikitimizwa huondolewa. Waumini wa Kikristo wanaosoma Mhubiri wanaonywa wasikawie kuiondoa nadhiri, wala hakuna anayedhani wanahimizwa kuivunja. Waan jyun ya Wakantoni na kuondoa nadhiri ya Waswahili zinakaa kwenye kiti kimoja. Tukitaka kuona ni wapi Kiswahili kimeweka neno vunja katika mambo ya funga, tuangalie vunja jungu, ule mlo wa mwisho wa kujimwaya kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Vunja iko mlangoni mwa kuingilia. Mlango wa kutokea una fungua. Na chakula cha asubuhi, ambacho Waingereza wamekiita kwa kuvunja, sisi tumekiita kifungua kinywa, au staftahi, neno lililotoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kufungua.

Ulinganifu huu si wa kubahatisha tu wa mtu anayependa maneno. Waislamu wa China, hasa Wahui, wanapoanza funga ya siku husema wameifunga kwa muhuri, fung zaai kwa matamshi ya Kikantoni, na jua likizama husema hoi zaai. Kufunga na kufungua, neno kwa neno. Anayeiharibu saumu mchana ana kitenzi kingine, cha kuharibu. Na Idi el Fitri kwa Kichina, iwe kwa Kimandarini au Kikantoni, huitwa Sikukuu ya Hoi Zaai. Jina hilo limo kwenye kalenda na linatambulika na Waislamu wa Hong Kong, ambao serikali ya huko mwaka 2016 iliwakadiria kufika 300,000, nusu yao wakiwa Waindonesia. Mwenye kushikilia kwamba hoi zaai ni kuvunja nadhiri atakubali kwamba Waislamu wa China husherehekea kila mwaka sikukuu ya kuvunja nadhiri, wakivaa kanzu mpya? Mwaka 2026 mambo haya yalikaribiana kwenye kalenda: mwaka mpya wa Kichina uliangukia 17 Februari, na Ramadhani ikaanza 18 au 19 Februari kutegemea mwandamo. Familia ya Kikantoni ilikuwa ikiuaga ulaji wa mboga wa siku ya kwanza, na jirani Mwislamu akiingia kwenye daku ya kwanza. Wote walipima kwa mwezi ule ule.

Wanaotetea "kuvunja" wana hoja, na mojawapo ni nzito. Wanasema: hata futari mnayoitukuza imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupasua, na kwa Kiarabu kitenzi kile kile hutumika kwa anayefuturu magharibi na kwa anayekula makusudi mchana wa Ramadhani. Kama lugha ya Qur'ani yenyewe inaridhika na kitenzi kimoja kwa wote wawili, kelele za nini? Ni kweli, na inathibitisha kwamba lugha inaweza kuishi bila tofauti hiyo kwenye kitenzi, ikaiweka mahali pengine kwenye sentensi. Lakini haithibitishi kwamba Kikantoni ni lugha ya aina hiyo. Na angalia Kiswahili kilivyolitendea neno hilo kilipolikopa: kufuturu kimebaki upande wa halali peke yake. Anayejificha nyuma ya banda akila chapati saa sita mchana tunamwita kobe, tunasema amekula. Tukisema amefuturu, kila mtu anajua tunamcheka. Waswahili walipokea neno lenye pande mbili, wakalikata upande mmoja kwa kuwa walihitaji tofauti hiyo. Mtafsiri anayeirudisha kwenye mkanganyiko anatengua kazi ya karne kadhaa.

Hoja ya pili hutoka kwa wanaofuata lugha ya mtaani. Wanasema hoi zaai ya leo haina dini wala ahadi. Mshambuliaji aliyecheza mechi nyingi bila bao akifunga, magazeti ya Hong Kong huandika ame-hoi zaai. Timu iliyopoteza mechi za mwanzo wa msimu ikishinda ya kwanza, vivyo hivyo. Kwenye meza ya mahjong aliyekaa mizunguko kadhaa akilipa wenzake, siku vigae vikimkubali, ame-hoi zaai. Na kuna matumizi ya chumbani ambayo hayahitaji kufafanuliwa. Kwa hiyo, wanasema, neno limekufa kidini na kila mtu alifasiri apendavyo. Mimi naona mifano hii inawageukia. Jaribu kuweka po gaai mahali pa hoi zaai katika habari ya mshambuliaji yule: sentensi inakuwa upuuzi, kana kwamba alikuwa ameapa hatafunga bao na sasa ameasi. Kilichohama kutoka ibadani hadi uwanjani ni picha ya njaa iliyofika mwisho wake kwa halali na kwa furaha, na ile ya kuasi ilibaki nyuma. Watangazaji wetu wa mpira, bila kujua lolote kuhusu Hong Kong, wana msemo wa kufungua akaunti ya mabao. Na kwa ukame uliochukua muda mrefu mno wana kutoa gundu. Vyote viwili vinafaa kuliko kuvunja. (Tahadhari moja: mauzo ya kwanza ya siku dukani Wakantoni huyaita faat si. Mfanyabiashara anayetaka kuonyesha kwamba anajua lugha asitumie hoi zaai kwa mteja wa asubuhi, labda kama duka limekaa wiki bila kuuza kitu.)

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosikika zaidi. Inasema zaai ni mapishi tu, aina ya chakula, sawa na mtu kuagiza wali wa mboga, kwa hiyo hakuna kilichofungwa wala cha kufungua. Wenye hoja hii huonyesha menyu. Zaai coeng ni ule mkate laini wa unga wa mchele uliokunjwa bila kitu ndani. Zaai fe ni kahawa isiyo na maziwa. Kuna bata wa zaai anayetengenezwa kwa matabaka ya ngozi ya maziwa ya soya yaliyokandamizwa kisha kukaangwa, na kuna nyama choma ya zaai inayotokana na unga wa ngano uliokandwa, ukaachwa utulie, kisha ukaoshwa kwa maji mara kadhaa mpaka wanga wote mweupe utoke na kubaki ule mpira unaonyumbuka. Menyu hizo ni za kweli. Lakini zaai ya kwenye kahawa imepata maana ya "tupu" kwa sababu zaai ya ibada ni kujinyima. Mtu akikaa mgahawani bila kuagiza husemwa amekaa zaai, na anayeongea bila kutenda huongea zaai. Maana hizo ni matawi. Mwenye kuyaangalia matawi kisha akatangaza kwamba mti hauna shina, hoja yake haihitaji kujibiwa kwa urefu. Tena hata yeye mwenyewe hawezi kusema "nime-hoi zaai" baada ya kunywa kahawa ya maziwa.

Yapo mazingira ambamo wapinzani wana haki, na ni vizuri kuyasema wazi. Ni coeng zaai, zaai ndefu, ya mtu aliyeahidi kutokula nyama maisha yake yote. Ahadi hiyo haikuwekewa mlango wa kutokea. Akila nyama kwa tamaa, kilichotokea ni kuvunja, na Mkantoni anayemheshimu atasema hoi zaai kwa upole, kama tunavyosema marehemu "amelala". Vilevile mtu aliyejiwekea mwezi mmoja akaukatiza siku ya 20 anaweza kujiita amefungua, kwa sababu neno hilo linamsitiri. Hapa mtafsiri hawezi kulitegemea neno peke yake. Swali la kuuliza ni fupi: muda uliowekwa ulikuwa umefika? Ukiwa umefika, ni kufungua. Ukiwa haujafika, na hakuna ruhusa, ni kuvunja hata kama msemaji ametumia hoi zaai, na pengine njia nzuri ni kuandika kufungua na kuiacha sentensi inayofuata imwumbue. Muda wenyewe nao una mtego: siku ya zaai haiishi magharibi. Wengi huihesabu hadi usiku wa manane, na wanaofuata saa za kale za Kichina huigeuza saa tano usiku, inapoanza saa ya kwanza ya siku mpya. Mswahili anayealikwa kwa hoi zaai jioni ya tarehe kumi na tano, akadhani ni kama futari, atakitangulia chakula kwa muda wa saa kama sita.

Madhara ya tafsiri mbovu si ya kamusi tu. Guangzhou ina Waafrika Mashariki wanaoswali Ijumaa katika msikiti wa Xianxian na kununua bidhaa maeneo ya Xiaobei, na huko neno hoi zaai hutamkwa na watu wa dini mbili tofauti. Likitoka kwa Mhui mwenye mgahawa, ni futari, na chakula ni halali. Likitoka kwa mwenye kiwanda aliyekuwa akishika zaai ya kutimiza ahadi, ni karamu ya kurudi kwenye nyama, na nyama ya kwanza mezani ina uwezekano mkubwa wa kuwa nguruwe wa kuchoma. Simu inayosema "kuvunja nadhiri" haimsaidii Mwislamu kuzitenga karamu hizo. Badala yake inamfanya adhani mwenyeji wake ni mtu mwenye dhambi anayejisifia. Vivyo hivyo mgahawa wenye herufi 齋 mlangoni hauna nyama, lakini hakuna aliyeuhakikisha kuwa halali. Na mgahawa wa kawaida unaouza sahani moja mbili za zaai huenda unazikaanga kwenye karai lile lile la nguruwe, na kuzikolezea mvinyo wa mchele au sosi ya chaza. Alama ya halali ni 清真, cing zan, nayo haina uhusiano na mboga: mgahawa wa cing zan mara nyingi ni wa kondoo na ng'ombe. Herufi tatu hizo, 齋 na 清真, zinafaa kukaririwa kuliko kuitegemea kamera ya simu.

Nani alaumiwe? Kuilaumu mashine ni rahisi, nayo ina sehemu yake, kwa kuwa kwa miaka mingi programu za aina hii zilivuka kutoka lugha moja hadi nyingine kwa kupitia Kiingereza. Lakini mashine imejifunza kwa yale tuliyoyaandika. China na Kiswahili vina daraja la moja kwa moja la tangu zamani: Radio ya China ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilifunguliwa mwaka 2005. Daraja hilo ni la Kimandarini. Kikantoni hakikupata chake, na kila aliyetaka kukifahamu alishika kamusi ya Kiingereza. Hata hivyo 開齋 huandikwa vile vile katika lugha zote mbili, ukiacha kwamba bara wamezipunguza herufi mistari, na kila mtangazaji aliyewahi kutaja Idi el Fitri kwa Kichina alikuwa nayo mdomoni. Jibu lilikuwa ndani ya nyumba. Kilichokosekana ni mtu wa kuliandika kwa Kiswahili kwamba hoi zaai ni kufungua, po gaai ni kuvunja amri, waan jyun ni kuondoa nadhiri, fung zaai ni kufunga. Maneno manne, na ukurasa mmoja wa mifano, vingetosha kuwapa watu na mashine njia isiyopitia London.

Hali moja tu hunifanya nisite. Ni ya mzee aliyeshika zaai ndefu kwa miaka mingi, akaugua, daktari akamwamuru anywe supu ya samaki. Muda haukufika, kwa kuwa haukuwahi kuwekwa. Ila hakuna anayethubutu kusema amevunja. Wakantoni husema hoi zaai, na wanaposema hivyo hawamsitiri wala hawamchongei. Kwetu mgonjwa anayezidiwa mchana wa Ramadhani akapewa maji na dawa, watu wa nyumbani wakiulizwa hawatafuti kitenzi kingine. Wanasema ilibidi afungue.